Jini Mla Uchovu

Wanaosema majini ni mambo ya usiku hawajawahi kwenda kukandwa. Hili ninalolisimulia lilifanya kazi mchana kweupe, siku ya soko, mlango wa mbele uko wazi na wauza vitunguu wanapigiana kelele upande wa pili wa ukuta. Halikuvunja dirisha wala kuzima taa. Lilikaribishwa, tena kwa tabasamu, na aliyelikaribisha ni mkamwana mwenye nia njema. Nia njema nayo ina mambo yake, we iache tu.

Jambo la kwanza lililokaa vibaya lilikuwa harufu. Mkamwana alikuwa amesimama kibarazani mwa ile spa ndogo nyuma ya soko, amemshika mama mkwe wake mkono, na mama mkwe amefungwa kitambaa machoni kwa kuwa ilikuwa sapraizi ya siku yake ya kuzaliwa. Ikamjia puani harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, ile inayobaki jikoni moto ukizimwa kwa haraka. Akatazama paa, hakuna bomba la moshi. Akatazama ua, hakuna kuni wala mkaa. Na bado chini ya mlango wa ndani mvuke ulikuwa unatambaa, mweupe na mzito. Akajiambia labda ni umeme. Siku hizi kila tusichokielewa tunakiita umeme.

"Wewe mke wa mwanangu," mama mkwe alisema chini ya kitambaa, "kama umenileta hospitali nitarudi kwa miguu."

"Si hospitali, mama. Tulia."

Aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo, gauni jeupe, viganja laini mno kwa mtu anayekanda watu kutwa. Mjini walimwita Mkandaji, na jina jingine hakuna aliyelijua. Hakumsalimia mgeni. Alimuuliza mkamwana, kwa sauti ya chini, "Nimtoe kiasi gani?"

"Kiasi gani cha nini?"

"Uchovu. Wengine wanataka wa wiki hii tu. Wengine wa miguuni. Anayemleta mgeni ndiye anayesema."

Mkamwana akacheka. Aliyaona ni maneno ya biashara, kama kinyozi anavyokuuliza apunguze au aondoe. Na kwa kuwa alijinyima mengi kuipata zawadi hii, hakutaka kuonekana mchoyo mlangoni.

"Wote," alisema. "Usimwachie hata chembe."

"Wote?"

"Ametimiza miaka sitini leo. Amefua nguo za watu tangu hajaolewa. Mtoe wote."

"Mwenyewe ameulizwa?"

"Sasa ingekuwa sapraizi gani?"

Mkandaji alimtazama kitambo, kisha akatazama nyuma, kule mvuke unakotoka, kama mtu anayesubiri ruhusa. Halafu akasogea kando na kuwapisha.

Huyo mama mkwe mtaani kwao walimwita Bi Pasi. Wengine kwa sababu ya kazi yake, kufua na kupiga pasi. Wengine kwa sababu ya ulimi wake, ambao ukikugusa unaacha alama. Tangu mkamwana aolewe haikupita siku hajasahihishwa. Anaanika shuka kama anamfukuza kunguru. Anafunga mlango kama ana ugomvi nao. Anapanda ngazi akihema kama mjamzito na mimba yenyewe hakuna. Mkamwana alikuwa msusi, saluni yake chumba kimoja, na wateja wake waliyajua masimango hayo kuliko habari za redioni. Lakini mwanamke huyohuyo ndiye aliyekaa naye alipojifungua, akifua nepi kabla hazijaulizwa, asimwache ashike hata kikombe. Alikuwa anakupenda kwa mikono na kukusema kwa mdomo. Mkamwana naye alimpenda sana, ila siku nyingine alimpenda zaidi akiwa amelala.

Ndiyo maana mwanzoni, alipoketi kwenye benchi la ukumbini akimsikia Bi Pasi ndani ya chumba cha mvuke akilalamika, alitabasamu. "Binti, huo ni mgongo, si unga wa chapati," Bi Pasi alifoka. Baadaye akasema, "Taratibu basi." Baadaye tena akasema kitu ambacho hakikusikika vizuri. Halafu akanyamaza.

Katika kimya hicho mkamwana akasikia kitu kinakula. Hakikuwa kinatafuna, kwa kuwa hapakuwa na mlio wa meno. Kilikuwa kinamumunya, kama kizee kibogoyo anavyomumunya ndizi mbivu: kinanyonya, kinameza, kinapumua kwa raha, kinaanza tena. Alisimama akaweka sikio ukutani. Ukuta ulikuwa wa moto na ulikuwa na unyevu. Upande wa sokoni mtu alikuwa anazipigia debe nyanya zake, tatu za bei ya mbili, na ile sauti ya kawaida ikamfanya ajione mjinga. Akarudi kuketi.

Bi Pasi alipotoka, amevaa joho jeupe la taulo, mkamwana alisimama bila kujua amesimama. Uso wa mama mkwe ulikuwa umenyooka kama shati lililotoka mikononi mwake mwenyewe. Hakujishika kiuno. Hakuburuta mguu wa kushoto. Alikuja akamshika mkamwana mashavu kwa viganja viwili, na viganja hivyo, ambavyo kwa sugu zake vilikuwa vinakwaruza hata shuka, vilikuwa laini kama vya mtoto wa shule.

"Asante, mwanangu," alisema.

Hebu fikiria. Miaka yote ya ndoa hajawahi kuambiwa asante bila "lakini" nyuma yake. Mkamwana alisubiri hiyo "lakini" ije. Haikuja. Wakaenda kwenye chumba walichopangiwa hapohapo spa, chumba safi chenye vitanda viwili na meza katikati, akammiminia juisi nyekundu iliyoletwa kwenye jagi. Kwa kuwa macho yake yalikuwa bado kwenye uso ule, akaimwaga. Ikatua yote kwenye lile joho jeupe, kifuani.

Akajikunja, akayangoja masimango yake. Doa jekundu kwenye nguo nyeupe, mbele ya dobi. Ni watu wachache waliofanya hivyo mbele ya Bi Pasi na wakabaki na hamu ya kula.

Bi Pasi aliliangalia doa likisambaa. Akaliangalia kama mtu anayeangalia wingu. "Si kitu," alisema, akatabasamu, akalala chali kitandani na joho lake bichi.

Hapo ndipo mkamwana alipoanza kuogopa kweli.

"Mama, si uliloweke? Litakomaa hilo."

"Liloweke kwa nini?"

"Mama."

"Hapa pazuri," Bi Pasi alisema kwa sauti ndogo. "Sitaki kitu chochote."

Simu ikalia. Alikuwa mume wa mkamwana, mwana wa Bi Pasi, anataka kumpongeza mama yake. Mkamwana aliweka spika, akamsogezea. Kule kwenye simu yule bwana, mtu mzima mwenye mtoto wake, akaimba wimbo wa kuzaliwa mwanzo mpaka mwisho, sauti imepinda kama kawaida yake. Bi Pasi alisikiliza kwa adabu.

"Ana sauti nzuri," alimwambia mkamwana. "Ni mtoto wa nani?"

"Mama? Ni mimi," simu ikasema.

"Kwao wamemlea vizuri."

"Anakutania," mkamwana alisema haraka. "Wamempa dawa za kulegeza mwili, ana usingizi. Nitakupigia." Akakata. Na nyuma ya kitanda, ndani ya ukuta, kile kitu kikaanza tena kumumunya, karibu zaidi, kwa pupa, na ile harufu ya majivu mabichi ikajaa chumba.

Bi Pasi akaketi. "Naitwa," alisema, akashuka kitandani mwepesi kama msichana, akatoka peku, na mkamwana alipomshika mkono wa joho, joho likabaki mkononi mwake. Mama mkwe alirudi kwenye chumba cha mvuke na kanga tu kifuani, hakugeuka kuangalia ameacha nini.

Mkandaji alikuwa ukumbini anakunja taulo. Mkamwana alimshika bega. Alitaka kupiga kelele, ukatoka mnong'ono.

"Mmemfanya nini?"

"Nilikuuliza mlangoni."

"Mama hamjui mwanawe. Hamjui mtoto aliyemzaa."

Mkandaji aliuangalia ule mlango wa mvuke, kisha akamsogelea mpaka midomo ikakaribia sikio. "Uchovu hauji peke yake. Kila uchovu una kilichouleta. Ukitoa wa kulea, na kulea kwenyewe kunatoka nao. Wenye akili husema kidogo tu, wa safari ya leo, wa juma hili. Linashiba, linalala, na mgeni anaondoka amefurahi. Wewe ulisema wote. Halijawahi kupata karamu kama hii."

"Mwambie arudishe, sijui ni nani huyo, mwambie arudishe."

"Halirudishi kwa kuambiwa na mimi. Mpaka mwenyewe adai. Na hatadai. Mtu asiyechoka hata kidogo hadai kitu."

"Na likimaliza?"

"Atakaa."

"Atakaa wapi?"

Mkandaji akaonyesha kwa kidevu ule mvuke unaotambaa chini ya mlango. "Hukujiuliza unatoka wapi," alinong'ona, "na moto hakuna?"

Mkamwana alirudi nyuma hatua, mvuke ukamgusa vidole vya miguu, wa vuguvugu, na akauona kama unamtambua. Akamuuliza Mkandaji yeye anawezaje kulala katika nyumba hii. Mkandaji aliviangalia viganja vyake laini.

"Mimi nilikuja kama mgeni. Mwenye nyumba alikuwa mwingine. Walinileta hapa, sijui ni nani walionileta, likanitoa uchovu mpaka wa kifuani, likashiba. Nafikiri nilikuwa na watu wangu." Alisema hivyo bila huzuni, kama anaeleza bei ya sabuni, akaendelea kukunja taulo.

Tuseme ukweli, mkamwana alitamani kukimbia. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, soko liko hapo, angeweza kujichanganya na wanunuzi na kusema hajui kitu. Akajiona anafika nyumbani na mkoba wa mama mkwe na hana mama mkwe. Akaona uso wa mumewe. Lakini hilo silo lililomsukuma. Lililomsukuma ni hasira. Yeye alikuwa amesimangwa na mwanamke yule miaka, amevumilia, amelia chooni, amejibu kimoyomoyo, na leo hii aje aachwe bila yeye, mama mkwe aliwe na kitu ambacho hata meno hakina.

"Huyu haliwi," alimwambia Mkandaji, na akasukuma mlango.

Ndani hapakuonekana kitu mwanzoni, weupe mtupu uliomfunga pumzi na kumwingia masikioni na kumshika nywele kama mikono ya wateja wengi walioketi kimya wakingoja zamu, na kadiri alivyosogea mbele ndivyo harufu ya majivu ilivyozidi, na ndivyo ile sauti ya kumumunya ilivyotoka kila upande, juu na chini na nyuma ya shingo yake, mpaka mguu wake ukagonga benchi la saruji, na mvuke ukajigawa kidogo tu, kwa makusudi, kama mtu anayefunua chakula chake kukuonyesha kwamba kimekaribia kwisha, naye akaliona.

Lilikuwa limeketi nyuma ya Bi Pasi kama msusi anavyoketi nyuma ya mteja wake, magoti marefu huku na huku, mikono imemzunguka. Uso ulikuwa wa mtu aliyelala, macho yamefumba. Kinywa peke yake ndicho kilichokuwa macho. Kilikuwa kipana, ufizi mtupu kama wa mtoto mchanga, kimeganda kwenye bega la mama mkwe, kinanyonya. Na Bi Pasi alikuwa anatabasamu, na kupitia mkono wake mkamwana aliona vigae vya ukutani.

Alimvuta. Ilikuwa kama kuvuta mlango uliopigwa misumari. Jini lilifumbua jicho moja.

"Karibu," lilisema kwa upole, bila kuachia bega. "Wewe uliyenilisha. Keti. Na wewe umechoka."

Na kweli alichoka. Hakuwahi kujua amechoka hivyo. Usiku ule mwanawe alipokuwa na homa, usiku aliokesha amemlaza kifuani, ukaanza kumtoka mabegani kama nguo nzito, raha iliyoje, na pamoja nao ukaanza kufifia uso wa mtoto mwenyewe. Mkamwana akajiuma mdomo mpaka akaonja damu. Uso ukarudi.

Mtu asiyechoka hadai kitu. Basi ni lazima achoke. Na duniani pote hapakuwa na mtu aliyejua kumchosha Bi Pasi kuliko mke wa mwanawe.

Pembeni palikuwa na beseni la maji na rundo la taulo zilizotumika. Mkamwana akapiga magoti mbele ya mama mkwe, karibu kabisa na lile jicho lililo wazi, akaanza kufua. Akafua vibaya kwa moyo wake wote. Alichukua taulo jeupe akalichovya pamoja na lile joho lenye doa jekundu alilokuja nalo. Akalisokota katikati kama kamba ya ng'ombe, akaliacha linachuruzika, akalitupa sakafuni kwenye uchafu.

"Nyumbani ndivyo ninavyofua ukilala," alisema. "Nyeupe na za rangi pamoja."

Ukope wa Bi Pasi ulicheza.

"Sabuni nasuuza mara moja tu. Inatosha."

Jini likanyonya kwa kasi zaidi.

"Na shati za mwanao, mama, kola napiga pasi mwisho. Naanza na mgongo, naruka mikono, kola mwisho."

"Mwisho?" Bi Pasi alisema. Sauti ilitoka mbali sana.

"Siku nyingine naiacha kabisa. Anavaa sweta juu."

"Kola," Bi Pasi alisema, na uso wake mzuri ulionyooka ukapata mkunjo mmoja katikati ya nyusi, "haipigwi mwisho." Mkamwana akachukua taulo jingine akalikamua kama anamnyonga kuku. "Wee. Wee, nini hicho unachofanya? Lete hapa."

Akasimama. Bega lilichomoka kwenye ule ufizi kwa mlio wa titi linapotoka kinywani mwa mtoto anayesinzia. Alimpokonya mkamwana taulo, akalikunja pindo kwa pindo, akabana kiwiko ubavuni, akakamua mara moja na maji yote yakatoka. Akachukua la pili. La tatu. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, na mkono uliokuwa unaonyesha vigae ukaanza kuonyesha mishipa. Alipofika la mwisho alijinyoosha, akaweka kiganja kiunoni.

"Ah," alisema. "Nimechoka."

Chumba kizima kikatetemeka. Jini likanyanyuka kwenye benchi, refu mpaka dari, kinywa wazi, likamwendea. Bi Pasi hakurudi nyuma. Alilicharaza taulo bichi usoni, kofi moja la kumwamsha mlevi.

"Huu nimeupata sasa hivi kwa mikono hii, na huyu mvivu ni shahidi. Nani kakupa?"

"Nilipewa wote," jini likasema. Upole ulikuwa umelitoka. "Mlangoni. Kwa hiari."

"Hiari ya nani?"

"Ya huyo."

Bi Pasi akamgeukia mkamwana. Hakuwa amemtambua bado, hilo lilionekana. Alimwangalia kama mteja aliyeleta nguo na hajulikani jina.

"Kweli?"

"Kweli, mama. Nilitaka upumzike."

"Nilikwambia nataka?"

"Hukuniambia."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza," mkamwana alisema, na machozi yakamshuka. "Nisamehe."

"Umemsikia," Bi Pasi aliliambia jini. "Aliyekupa hakutoa chake. Ukiuziwa shati la wizi, mwenyewe akija unalivua, hata kama lilikukaa vizuri. Vua. Lete changu."

Jini lilicheka, kisha likaacha kucheka, kwa kuwa kinywa chake kilikuwa kimeanza kufunguka bila ridhaa yake. Kikatoa kwanza vitu vidogo. Bi Pasi alishtuka, akashika kifundo cha mkono: ndiyo, pasi ya mkaa, ile nzito, ya bosi wa kwanza. Akashika goti: ngazi za nyumba ya wageni, mashuka kichwani. Sugu zikarudi viganjani moja moja. Kila maumivu yalipomwingia alikunja uso, kisha akaitikia kwa kichwa kama anayepokea mtu anayemfahamu. Alijikunja akashika tumbo, akaguna kwa nguvu, na alipoinua kichwa macho yake yalikuwa makali.

"Mwanangu alinipigia simu," alisema. "Nimemwambia nini yule mtoto? Na wewe, kola unapiga mwisho?"

"Nilikudanganya, mama. Naanza nayo."

"Tutaona nyumbani."

Mkamwana angecheka, lakini jini lilikuwa halijafunga kinywa. Lilikuwa limejikunyata kwenye pembe, dogo, na chini ya ulimi limebana kitu kimoja. Likamwinamia mkamwana sikioni, likaongea kwa haraka, kwa kubembeleza.

"Huyu niachie. Mkweo hajui kama yupo. Huyu ni uchungu mtupu, hauna faida. Usiseme tu, basi. Hapo ndipo utakuwa umempa zawadi."

Mkamwana alijua ni nani. Mumewe alimsimulia mara moja, taa zimezimwa, akamwomba asilitaje tena. Kabla yake alizaliwa msichana, kifungua mimba. Alikuwa mgonjwa tangu siku ya kwanza na hakukubali kulazwa chini, akilazwa analia mpaka anazimia, kwa hiyo Bi Pasi alifua naye mgongoni, jua na mvua. Siku moja mtoto alitulia. Mama akashukuru, akasema leo amepata usingizi, akafua mpaka shuka la mwisho ndipo akamfungua.

Mkamwana alimtazama mama mkwe. Alikuwa amesimama imara, amejaa, mkali, mzima kabisa kwa macho ya mtu yeyote. Angeweza kumshika mkono sasa hivi na kutoka. Nani angejua? Ungekuwa wema mkubwa. Moyo ulimuuma kwa jinsi ulivyokuwa wema.

"Twende, mama," mdomo wake ukataka kusema. Hakusema hivyo.

"Mama, kuna mmoja amebaki humo. Sitakuficha, ni mzito kuliko hao wote, na utaumia. Unamtaka, au tumwache?"

Bi Pasi alijipapasa nyuma, chini ya shingo, kati ya mabega, kama mtu anayetafuta mkoba aliozoea kuuvaa.

"Ni wangu?"

"Ni wako."

"Basi lete."

Akageuka, akainama, akaweka mikono nyuma. Jini lililia. Lililia kwa sauti ya njaa ambayo ilisikika mpaka sokoni, kwa maana wauza vitunguu walinyamaza wote kwa pamoja, na kinywa chake kikatema cha mwisho. Mkamwana hakukiona. Lakini alinyoosha mikono, ikapokea uzito mdogo, wa moto, unaohema, akauweka juu ya ule mgongo kama tunavyowekeana watoto, kisha akachukua taulo kavu, akalipitisha chini ya kwapa na kulifunga kifuani, mafundo mawili.

Bi Pasi akapiga magoti. Hakupiga kelele. Alikaa hivyo, paji la uso kwenye saruji, akalia kilio ambacho mkamwana hakuwahi kukisikia wala hatakisimulia. Mkamwana alikaa naye. Hakumwambia anyamaze. Alipomaliza, Bi Pasi alishika benchi akasimama mwenyewe, akiburuta mguu wa kushoto, akauangalia mvuke ulionyamaza kila upande.

"Na nyinyi wengine," alisema, "kama kuna anayesikia. Daini chenu."

Mlangoni Mkandaji alikuwa amesimama, ameacha taulo zake. Aliangalia mgongo wa Bi Pasi ulipompita. Kisha alikunja mikono ya gauni, akaingia ndani na kufunga mlango nyuma yake. Walipofika kibarazani walisikia sauti yake, ngeni na yenye kukwama, ikiuliza kule ndani, "Nani alikupa?"

Nje jua lilikuwa linaelekea kushuka na soko linafungwa. Mkamwana alibeba mikoba yote miwili. Mama mkwe alitembea taratibu, amebonyea mbele kidogo, mikono nyuma, na kila hatua ilimuuma na kila hatua alikanyaga.

"Nikushike, mama?"

"Namuweza," alisema Bi Pasi. "Wewe angalia njia. Na usipige kelele."

Wakaingia katikati ya watu, mikokoteni, magunia, wapagazi wanaosukumana kuwahi. Wapagazi wakapunguza mwendo. Wanawake wakavuta vikapu vyao pembeni. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini, walimpisha tu, jinsi anavyopishwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni.